Barua ya wazi kwa wasimamizi wa njia za mbio za ufukweni na kingo za mito

KWA: Wenye dhamana ya ujenzi, matunzo na usalama wa njia za miguu za pwani na za kandokando ya mito

KUTOKA: Wakimbiaji wanaozitumia njia hizo alfajiri na jioni

YAH: NJIA ZILIZOPAMBWA KWA MACHO ZIKASAHAULIWA NYAYO

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Hii si barua yetu ya kwanza kwenu, ila ni ya kwanza kuandikwa hadharani. Zilizotangulia zililetwa kwa mkono na kwa barua pepe, na malalamiko mengine yalipigwa kwenye namba za simu zilizo kwenye mabango yenu wenyewe. Majibu yalikuwa ya aina mbili: "limepokelewa, linafanyiwa kazi", au kimya. Heshima yetu kwenu haijapungua. Subira ndiyo iliyopungua.

Lalamiko letu kwa ufupi ni hili: njia zinazofuata bahari, na zile zinazopanda kandokando ya mto, zilisanifiwa na watu waliosimama wakatazama maji. Karibu kila kilichowekwa kinamhudumia aliyesimama: mabenchi, maua, vibao vya picha. Anayekimbia huitazama bahari kwa kuibia. Muda mwingine wote macho yake yako hatua chache mbele ya viatu, na huko ndiko kazi yenu ilikoachwa nusu. Hoja zetu ni hizi.

1. Mwinamo wa njia

Tunaanza na jambo ambalo halionekani katika picha hata moja ya uzinduzi. Njia yoyote ngumu lazima iinamishwe kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yatiririke. Asilimia 2 inatosha, yaani sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Ukizidisha hapo, faida ya maji ni ndogo na mwili wa mtu ndio unaolipa. Mkimbiaji hupiga hatua kama 170 kwa dakika. Katika saa moja ni zaidi ya 10,000, na nusu yake ni za mguu uleule ulio upande wa chini. Nyonga hukaa mshazari, kifundo hupinda, na maumivu huja kujitokeza upande wa nje wa goti, mahali ambapo hakuna atakayeyahusisha na kazi ya fundi wa lami.

Kupima ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, ulaze kukatisha njia, weka pimamaji juu yake, kisha uinue upande wa chini mpaka povu litulie katikati. Pima pengo lililobaki kati ya ubao na ardhi. Likizidi sentimita 2, mwinamo umezidi. Rudieni kila mita 50 na mtapata ramani ya tatizo kwa asubuhi moja.

Sehemu mbaya kabisa ni zile zilizotiwa viraka. Lami mpya ikimwagwa juu ya ya zamani bila kuikwangua, mgongo wa njia hupanda na kingo hubaki chini, hivyo kila ukarabati unaongeza ugonjwa uliokuja kuuponya. Mizizi ya miti nayo huinua lami kama tuta, na fundi akija hulikata tuta juu juu akaondoka. Mzizi unaendelea kukua, tuta linarudi. Pale ambapo mti haufai kuguswa, afadhali njia iukwepe kwa mita moja, au ubao wa kuvukia upite juu ya mizizi.

Halafu kuna ule mshale unaowaelekeza wakimbiaji washuke mchangani pale njia ngumu inapokatika. Kukimbia kwenye mchanga laini hula nguvu kama mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa kasi ileile. Kwa mwenye mazoezi hilo ni zoezi zuri. Kwa anayerejea baada ya kuumia kano ya kisigino ni mtego. Mchanga mgumu upo karibu na maji, lakini huonekana saa chache tu kabla na baada ya maji kupwa, nao umeinama kuelekea baharini. Mwenye kuujua huenda na kurudi palepale ili mguu uliokuwa chini uwe juu. Hilo linawezekana iwapo njia ya kurudia haijamezwa, na hapo ndipo inapoingia hoja ya pili.

2. Bahari ina ratiba, mabango yenu hayana

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo saa ya jana si saa ya leo. Inasogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Bango la kudumu lisemalo "jihadhari na maji kujaa" halimwambii mgeni chochote anachoweza kukitumia.

Kinachowaponza watu zaidi ni mwendo wa maji yenyewe. Hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia wana kadirio lao la zamani: gawa kimo chote cha kupanda mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu nzima ya kimo huingia ndani ya saa mbili za katikati. Sasa mchukueni mkimbiaji anayeanza saa moja na nusu baada ya maji kupwa. Ufukwe ni mpana, mchanga ni mgumu, kila kitu kinamkaribisha. Anakwenda dakika 50, anageuka, na safari yake yote ya kurudi inaangukia kwenye zile saa mbili. Ikiwa ni siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, kimo ni kikubwa zaidi, na upepo ukivuma kutoka baharini maji hupita hata kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali. Mahali ambapo ukuta wa bahari unagusana na maji, pa kutokea ni ngazi tu.

Na ngazi ndizo tunazozilalamikia. Nyingine zimefungwa kwa minyororo, nyingine hazionekani mpaka umezifikia, na hakuna kibao kinachomwambia mtu aliye chini ya ukuta kwamba ngazi inayofuata iko mita 300 mbele au 700 nyuma. Tunataka jedwali la maji la mwezi mzima kwenye kila mlango wa ufukwe, mstari wa rangi ukutani unaosema "maji yakifika hapa, mbele hapapitiki", na umbali wa ngazi za pande zote mbili uandikwe kwa herufi zinazosomeka kwa mtu anayepita mbio. Katika barua hii nzima hili ndilo jambo la bei ndogo kuliko yote: rangi, brashi, na mfanyakazi mmoja anayejua kusoma jedwali la maji.

3. Mbao, zege na mchanga uliopeperuka

Njia za mbao hupendeza sana kwenye picha. Zikilowa huteleza kama sabuni, hasa kivulini ambako mwani hujishika. Mifereji midogo iliyochongwa juu ya mbao, ambayo wengi hudhani ni ya kuzuia utelezi, huhifadhi unyevu na uchafu, na mwani hupata makao. Kinachosaidia ni kusugua kwa brashi ngumu na maji kila baada ya wiki chache msimu wa unyevu, na kubandika vipande vyenye chenga za kukwaruza kukatisha mwelekeo wa mbio. Tafadhali msitandike wavu wa kuku. Kwenye hewa ya chumvi waya wake hukatika mapema na ncha zikasimama. Aliyeanguka juu yake hana haja ya kusimuliwa.

Misumari pia haifai. Ubao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na kila mzunguko huusukuma msumari juu kidogo mpaka kichwa kinasimama. Tumieni skrubu, tena za chuma cha pua cha daraja la 316, kwa sababu zile zilizopakwa zinki huliwa na chumvi. Pengo kati ya mbao liwe kama milimita 5 hadi 8: maji yapite, mchanga upite, ncha ya kiatu isipite.

Zege la ukuta wa bahari lina ugonjwa wake. Chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege hupasuka kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni ufa mrefu wenye doa la kahawia. Ukipigwa plasta juu, unafichwa tu. Lazima zege bovu litolewe, nondo isafishwe, ndipo pajazwe.

Mchanga unaopeperushwa juu ya zege ni mdogo kwa macho na mkubwa kwa madhara, maana punje juu ya sakafu ngumu huviringika chini ya kiatu, hasa kwenye kona. Kufagia husaidia kwa siku mbili tatu. Dawa ya kudumu ni kuacha majani ya pwani yaote kwenye matuta ya mchanga badala ya kuyang'oa ili watu waone bahari. Mlipoondoa majani kwa ajili ya mandhari, mchanga ulihamia njiani.

4. Kingo za mto

Huku kosa limefanyika kwenye ramani kabla ya koleo la kwanza. Mto unapokunja kona, maji huenda kasi upande wa nje wa kona na kuula ukingo kutoka chini, huku upande wa ndani yakipoa na kulaza mchanga. Upande wa nje ndio wenye mandhari mapana, basi njia ikapitishwa huko, hatua mbili tatu kutoka ukingoni. Tazameni ardhi: nyufa zinazokwenda sambamba na mto zinaonyesha kuwa kipande hicho cha ukingo kimeshaanza kuondoka. Kuzijaza udongo hakusaidii. Njia inatakiwa kurudishwa ndani.

Jambo la pili ni wakati wa kufungua njia baada ya mafuriko. Mazoea ni kufunga maji yakiwa juu na kufungua mara yakishuka. Lakini saa za hatari kubwa kwa ukingo ni zile ambazo maji yanashuka haraka. Udongo umeshiba maji na kuwa mzito, na maji ya mto yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Hapo ndipo kingo humomonyoka kwa vipande vizima. Njia ikaguliwe kwa miguu, na mtu anayejua nyufa, kabla ya kamba kuondolewa.

Vipito vya chini ya madaraja ndivyo hujaa kwanza na kukauka mwisho. Tope lililobaki lioshwe likiwa bado bichi. Likikauka hushika kama saruji, na likilowa tena huwa utelezi. Wekeni kipimo cha kina kilichochorwa ukutani na lango linalofungwa kila upande. Kule Seoul, kijito cha Cheonggyecheon kilichofunguliwa upya mwaka 2005 kina njia za chini zinazopendwa sana, na mvua kubwa ikija watu huzuiwa kushuka. Hakuna anayeona aibu kufunga.

Na kwa wanaopenda kujenga juu ya maji, ipo Brisbane, Australia. Njia yake iliyoelea mtoni ilisombwa na mafuriko ya Januari 2011. Iliyofunguliwa mahali pake mwaka 2014 haielei. Imesimama juu ya nguzo.

5. Mlango wa mto

Njia ya pwani inafika kwenye mlango wa mto na kufa. Ya mtoni inaanza upande wa pili. Katikati kuna daraja la magari ambalo kando yake pamebaki upana wa mabega ya mtu mmoja. Kila mtu anayetaka kuunganisha bahari na mto, na ndiyo raha yenyewe ya njia hizi, analazimika kukimbia huku magari yakimpita mgongoni. Hatuombi daraja jipya la fahari. Njia ya miguu ya mita 3 inayoning'inizwa ubavuni mwa daraja lililopo, wahandisi wakithibitisha kwamba litabeba, inatosha. Mpaka hapo, nguzo na ukingo wa kutenganisha miguu na magari uwekwe.

6. Alama za umbali

Vibao vyenu vya kilomita vinatofautiana na ardhi. Inaonekana vilipimwa kwa simu, na simu hupoteza mawimbi ya setilaiti chini ya madaraja na kando ya majabali. Mashindano ya barabarani hupimwa kwa baiskeli iliyosawazishwa kwenye umbali unaojulikana, ikifuata mstari mfupi kabisa unaoweza kukimbiwa, sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa kona, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isipungue. Kwa vibao vya mazoezi hata nusu ya umakini huo ingetosha.

Hoja kubwa hapa si kasi ya mkimbiaji, ni kuokoa maisha. Mtu akianguka moyo wake ukiwa umesimama, asiposhughulikiwa nafasi yake ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Anayepiga simu anaambiwa aeleze alipo, naye anaona maji kushoto na miti kulia, kama kilomita nyingine zote. Kila mita 500 iwe na kibao chenye namba yake, na namba hizo ziwe mikononi mwa wanaopokea simu za dharura. Mashine za kushtua moyo ziwekwe kwenye milango mikuu, ndani ya visanduku visivyofungwa kwa ufunguo, betri na vibandiko vikaguliwe kila mwezi.

7. Mengineyo

Bomba la maji ya kunywa kila kilomita 2 hadi 3. Vichaka vifyekwe mita 1 hadi 2 kila upande, maana mwanamke anayekimbia peke yake alfajiri anahitaji kuona mbele na kuwa na mahali pa kutokea. Uzio mrefu usio na mlango unampa hofu kuliko giza. Taa za ufukweni ziwe fupi, zimulike chini, za rangi ya kaharabu, yaani njano inayoelekea wekundu, kwa sababu vifaranga vya kasa hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Vyoo vifunguliwe alfajiri, wakati ambao watu wapo.

Kuhusu baiskeli: njia moja ya mita 3 haiwezi kuwabeba wote saa za msongamano. Ukuta wa bahari wa Stanley Park, Vancouver, Kanada, ulianza kujengwa mwaka 1917 na mzunguko wake ukakamilika mwaka 1971; leo miguu na magurudumu vimetenganishwa, na magurudumu huzunguka upande mmoja tu. Mstari wa rangi haufanyi kazi hiyo. Tofauti ya kimo, hata ya sentimita chache, huifanya.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Nusu ya tuliyoyaandika ni matunzo, na matunzo yakikosekana hugeuka ujenzi mpya. Ufa wa zege unaotibiwa leo ni kazi ya mafundi wawili.

Mtasema bahari na mto ni maumbile, hayapangwi. Kweli. Ndiyo maana Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2009 ya njia ya pwani, iliweka utaratibu wa njia kurudi nyuma pale ufukwe unapoliwa, bila kuanza mchakato mzima upya. Maumbile yanasogea, njia nayo ipewe ruhusa ya kusogea.

Mtasema bango la hatari ni kukiri hatari. Maji yanajaa liwepo bango au lisiwepo.

Na mtasema mradi mkubwa uko njiani. Tunaupokea kwa mikono miwili. Lakini mchanga wa kona utafagiliwa na nani mwaka huu?

Tunachoomba

Ndani ya siku 14: majedwali ya maji yabandikwe, minyororo ya ngazi iondolewe, na vipande vya ukingo wa mto vyenye nyufa vifungwe.

Ndani ya siku 30: atajwe mtu mmoja, kwa cheo chake, anayewajibika kwa njia nzima kutoka mchangani hadi mtoni. Kwa sasa kila kipande kina mwenyewe na mlango wa mto hauna mtu.

Ndani ya siku 90: vipimo vya mwinamo vifanywe na kutangazwa, mbao zenye misumari zifungwe skrubu, vibao vya namba visimikwe.

Ndani ya mwaka: mchoro na gharama za kuvuka mlango wa mto ziwekwe hadharani, pamoja na ratiba ya matunzo ya kila mwezi inayoonyesha kilichofanywa na kilichoachwa.

Tuko tayari kutembea nanyi njia yote kwa miguu, na pimamaji tutakuja nalo. Tunaomba matembezi hayo yawe siku ya bamvua, tuanze saa moja na nusu baada ya maji kupwa, tuanzie mchangani. Tarehe chagueni ninyi.

Wenu kwa heshima,

Wakimbiaji wa njia za pwani na kingo za mito